Fundi Konde: Msee wa Gita Unayemcheza Kila Harusi na Jina Lake Hulijui

Leo tunapiga stori ya msee mmoja wa Pwani aliyeifunza gita ya Kenya kuongea lugha mpya. Na kabla uanze kusema hizo ni mambo za wazee, tulia kwanza. Huyu mtu unamjua, ni vile tu hujaambiwa.

Ushawahi kuwa kwa harusi, bendi ikapiga Tausi Ndege Wangu, mashangazi wakafunga leso viunoni wakaingia katikati, na wewe ukajipata unaimba kiitikio na hujui ulikishika lini? Sasa huo wimbo haukuota wenyewe kama nyasi. Uko na mwenyewe. Anaitwa Fundi Konde.

Ukiuliza watu ni nani aliutoa, mmoja atakwambia ni Them Mushrooms, mwingine atasema ni wimbo wa kitambo tu, hauna baba wala mama. Ndiyo maana tuko hapa leo. Wimbo umeishi, jina likabaki nyuma. Na kama wewe ni msanii, ama uko na beshte anayerekodi kwa studio ya mtaani, hii stori inakuhusu zaidi ya vile unadhani.

MTOTO WA KILIFI, KISIWA CHA MOMBASA

Fundi Konde alizaliwa 1924, Mgiriama kutoka Mwabayanyundo, upande ambao leo tunauita Kaunti ya Kilifi. Wakati huo Kenya ilikuwa koloni la Mwingereza, na kijana yeyote wa Mijikenda aliyetaka kuona dunia ikizunguka alikuwa akiangalia upande mmoja: Mombasa kisiwani.

Hebu jaribu kupiga picha ya Mombasa ya miaka ya 30. Fort Jesus si mahali pa kupiga selfi, ni jela. Itabaki jela mpaka 1958. Kilindini meli zinaingia na kutoka, makuli wanabeba magunia. Ukitembea ndani ya Old Town, kwenye vichochoro vya milango ya kuchonga, unaskia udi na fidla za taarab. Siti binti Saad wa Zanzibar alikuwa ashaenda hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri za HMV, ile kampuni yenye picha ya mbwa anayeskiza gramafoni. Mswahili akajua sauti yake inaweza kuwekwa kwa sahani na kuuzwa.

Lakini taarab haikuwa peke yake. Mombasa ilikuwa na beni, na hii ikibamba ilikuwa inabamba kweli. Tangu mwisho wa karne ya 19, vijana wa mji walikuwa wanaunda vikundi vya ngoma vilivyoiga bendi za jeshi, na tarumbeta, na vyeo vya kijeshi, na luku ya kufa mtu. Kulikuwa na kikundi kinaitwa Kingi na kingine Scotchi, na hawa wa Scotchi walikuwa wanavaa sketi kama wanajeshi wa Scotland. Unacheka? Mbogi mbili zinashindana ni nani amevaa poa na ni nani ako na ngoma kali. Hicho kitu wewe unakiona kila wikendi, ni vile tu siku hizi kinafanyika kwa simu.

Kisha kukaja Cuba. Kuanzia 1933 HMV walianza kutoa mfululizo wa santuri za GV, muziki wa Kilatini ulioletwa kuuzwa Afrika. Santuri ya kwanza kabisa ilikuwa El Manisero. Watu wa bandarini wakaskia huo mdundo wakaona kama ni wa nyumbani. Na ukifikiria ni watu wa wapi walipelekwa Cuba kama watumwa, utaelewa mbona.

Kwa hivyo hii ndiyo hewa ya Pwani ambamo Konde alikulia: taarab, beni na rumba ya Cuba. Kila kitu kinapitia kisiwa kimoja ambacho unaweza kukivuka kwa miguu asubuhi na ukarudi kabla ya chakula cha mchana.

VITA VIKAMCHUKUA

Mwaka wa 1939 Wazungu wakaanza kupigana kwao, na kama kawaida bili ikaletwa mpaka huku. Karibu Wakenya laki moja waliingia jeshini, wengi kwenye King's African Rifles, ile KAR ambayo babu wa babu yako anaweza kuwa alihudumu. Mombasa yenyewe ilikuwa uwanja wa vita wa aina yake. Mwaka wa 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, meli za kivita za Mwingereza zilihamishiwa Kilindini. Na pale Allidina Visram, shule unayoijua vizuri, wanajeshi waliichukua wakawa wanakaa humo kufungua siri za redio za Wajapani. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ndani ya msitu, mvua haikatiki, malaria kila kona. Askari Mwafrika alikuwa mbali na kwao, anapigania mfalme ambaye hajawahi kumwona. Wakubwa wa jeshi waligundua kwamba askari asiyecheka hapigani, kwa hivyo wakaunda kikosi cha burudani. Waimbaji, wachekeshaji na wapiga vyombo wakafungwa magwanda, wakatumwa kuwafuata wenzao kambini, huko India na Burma.

Fundi Konde alikuwa mmoja wao.

Hapa usipite haraka. Kijana wa miaka ishirini hivi, kutoka Kilifi, anapiga muziki mbele ya askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Wanaongea lugha za mama kibao, na kitu kinachowaunganisha ni Kiswahili. Kama unataka wote waimbe nawe, unaimba Kiswahili. Zaidi ya hapo, huko vitani unakutana na muziki wa Waingereza na Wamarekani, swingi na jazz, vyombo ambavyo Pwani vilikuwa vya kuhesabu. Wasanii wengi wakubwa wa Afrika Mashariki wa baada ya vita walipitia hicho kikosi. Kilikuwa chuo chao cha muziki, na karo yake ilikuwa ni kuhatarisha maisha.

AKARUDI, MJI UMEWAKA

Vita viliisha 1945. Askari wakarudi na nishani, lakini nyumbani ni kipande shingoni na mshahara wa kudharauliwa. Mombasa ikachemka. Januari 1947, wafanyakazi kama 15,000 waliweka vyombo chini: wa bandari, wa reli, hadi wa nyumbani na wa hotelini. Kisiwa kikasimama karibu wiki mbili. Walikuwa wanakutana kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na kiongozi aliyetokea hapo, Chege Kibachia, baadaye alikamatwa akapelekwa kizuizini.

Mwaka huohuo wa 1947 ndiyo zinapoanza zile rekodi za Fundi Konde tulizo nazo leo. Sikuambii alikuwa mwanasiasa. Nakuambia hawa waliomsikiliza walikuwa watu gani: kuli, karani, dereva, mpishi wa Mzungu, askari aliyeachishwa kazi. Watu wanaofanya kazi mjini, wenye vijipesa kidogo mwisho wa mwezi, wanaotaka Jumamosi jioni wavae suti, wapake mafuta nywele, na wacheze dansi kama watu wa mjini. Hiyo heshima mchana walikuwa hawapewi. Usiku, kwenye ukumbi, walikuwa wanajipatia wenyewe.

Sasa mtu wa aina hiyo unampigia muziki gani? Unampigia muziki uliovaa suti.

KODI ZA GITA, SI ZA KRA

Hapa ndipo Konde aliwaacha wenzake. Nitakueleza polepole, hata kama hujawahi kushika gita.

Wapigaji wengi wa gita kavu enzi hizo walikuwa wanatumia vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linapiga besi, kidole kinachokonoa melodi. Tamu sana, na wakali wake walikuwa wakali kweli. Lakini chini ya wimbo mara nyingi kulikuwa na kodi tatu zinazozunguka, basi. Kodi ni vile unabonyeza nyuzi kadhaa pamoja zikatoa sauti moja nene.

Konde yeye alikuja na kodi za jazz. Badala ya kuruka kutoka kodi moja hadi nyingine kama mtu anaruka mtaro, alikuwa anapita katikati, anaweka vijikodi vya njiani, vile ambavyo ukiviskia unahisi kama wimbo umeinama kidogo halafu ukasimama tena. Ni kama tofauti ya kupanda ngazi za saruji na kupanda zile ngazi za mbao za nyumba za Old Town: unafika juu kulekule, lakini njiani kuna milio.

Na alifanya hivyo na gita ya umeme. Yeye ni kati ya watu wa kwanza kabisa Kenya kupiga gita ya umeme. Kumbuka hicho kitu kilikuwa kipya hata huko kilikotoka. Marekani, Charlie Christian alionyesha watu vile gita ya umeme inaweza kusimama mbele ya bendi ya jazz mwaka wa 1939, akiwa na Benny Goodman, na mwaka wa 1942 alikuwa ashakufa. Kwa hivyo ukimwona Mgiriama wa Kilifi anarekodi na gita kama hiyo miaka michache tu baadaye, elewa kwamba hakuwa nyuma ya dunia. Alikuwa nayo sambamba.

Juu ya kodi hizo akaweka mdundo wa Kilatini, rumba inayokwenda taratibu, na juu kabisa akaweka Kiswahili cha Pwani, kimenyooka, kila neno unalisikia. Sauti yake haikuwa ya kupiga makelele. Alikuwa anaimba kama mtu anayekuongelesha akiwa amekaa barazani.

Kama unashangaa mbona naleta jazz kwa stori ya Mombasa, angalia majina ya bendi za zamani. Tanganyika walikuwa na Dar es Salaam Jazz Band tangu 1932. Baadaye kukaja Morogoro Jazz, Western Jazz, na wengine kibao. Wengi wao hawakuwa wanapiga jazz ile ya Marekani. Neno jazz lilikuwa linamaanisha sisi ni bendi ya kisasa, tuko na vyombo vya maana. Fundi Konde alikuwa na kitu ambacho wengine walikuwa nacho kwa jina tu. Jazz yake ilikuwa vidoleni.

DAKIKA TATU TU

Sasa njoo kwa nyimbo. Tausi Ndege Wangu ushaijua. Kuna Mama Sowera. Kuna Kipenzi Waniua Ua. Kuna Jambo Sigara. Kuna Ajali Haikingiki, ambayo jina peke yake ni methali ya kumtuliza mtu aliyefikwa. Na kuna Majengo Siendi Tena.

Hii ya mwisho jina tu linachekesha, manake karibu kila mji wa Kenya uko na Majengo yake. Mombasa iko, Nairobi iko, na nyingine kibao. Na kila Majengo ilikuwa na sifa ileile: ndipo Mwafrika wa mjini anaishi, anakula, anapenda, anapigwa na maisha. Kwa hivyo msee akisema Majengo haendi tena, awe wa Mombasa ama wa Kisumu, atajiona yeye ndiye anayeimbwa. Hiyo ndiyo ilimfanya Konde awe staa wa Kenya nzima wakati ambapo wasanii wengi walikuwa wanajulikana kwao tu, kwa lugha yao. Ukiimba Kiswahili, na unaimbia mambo ya mjini, unaingia kila nyumba yenye gramafoni.

Na hizo santuri hazikuwa na mchezo. Zilikuwa zinazunguka mara 78 kwa dakika, kila upande unabeba kama dakika tatu hivi. Umalize stori yako, uweke gita yako, na uondoke. Wewe unayelalamika video ya TikTok ni fupi, jua wazee walifanya kazi ndani ya hicho kiboksi na wakatuachia nyimbo za miaka sabini. Tatizo lake moja: ile santuri ikidondoka, imevunjika kama sahani ya udongo. Nyimbo nyingi za enzi hizo ziliisha hivyo, kwa sakafu ya nyumba ya mtu.

NA DOO JE?

Najua hili swali ulikuwa nalo tangu mwanzo. Msee alikuwa maarufu, santuri zinauzwa Afrika Mashariki yote, si lazima alikuwa anaogelea kwa pesa?

Tuongee ukweli. Kawaida ya kampuni za santuri wakati huo ilikuwa kumlipa msanii pesa za mara moja. Unaingia studio, unarekodi, unapewa chako, unaenda nyumbani. Santuri ikiuza elfu moja ama elfu ishirini, hiyo ni stori ya kampuni. Kenya yenyewe ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka wa 1966. Zile rekodi kubwa za Konde ni za kati ya 1947 na 1956. Piga hesabu. Alitoa kazi yake bora kabla nchi yake haijakuwa na sheria yake ya kuilinda, kwa sababu hata nchi yenyewe ilikuwa haijawa.

Angalia kilichotokea kwa Malaika. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. wakauimba 1981, na mpaka leo kuna zaidi ya mtu mmoja aliyedai yeye ndiye mtunzi. Mmoja wao ni Lucas Tututu wa Mombasa. Wimbo ulioimbwa na dunia nzima, na wenyewe wanang'ang'ania nani ni baba. Hivyo ndivyo inakwenda kukiwa hakuna karatasi.

Konde angalau jina lake lilibaki kwenye santuri zake. Lakini jina kwa lebo ya santuri iliyovunjika linakusaidia nini?

KIMYA, KISHA MLANGO UKAFUNGULIWA TENA

Miaka ya 60 ikaingia. Uhuru ukapatikana Desemba 1963, na vijana wapya walitaka sauti mpya. Twisti ikaja. Wakongo nao wakaja na magita matatu yanayoshikana kama nyuzi za mkeka, na wakabeba kila kitu. Redio ikageuka, na muziki wa Konde ukaingia kwenye lile kabati tunaloliita zilizopendwa. Neno zuri, lakini liskize vizuri: limesemwa kwa wakati uliopita. Zilipendwa. Ni kama kuambiwa asante na kuonyeshwa mlango.

Wengi wa rika lake hapo ndipo stori yao iliishia. Walikufa wakiwa watu wa kawaida, majirani hawajui huyo mzee aliwahi kuwachezesha watu kutoka Mombasa mpaka Kampala.

Konde alikuwa na bahati mbili. Ya kwanza ilitoka nyumbani Pwani. Them Mushrooms, bendi iliyoanzia Mombasa 1972 na ikatoa Jambo Bwana 1982, walikuwa vijana waliokua wakizijua nyimbo zake. Walipopata jina walimrudia mzee, wakazipiga upya nyimbo zake pamoja naye. Hawakuchukua wakakimbia. Walimtafuta mwenyewe wakamkalisha mbele. Ukiskia Tausi kwa harusi leo, mara nyingi unaskia hiyo heshima waliyompa.

Bahati ya pili ilitoka mbali. Mwaka wa 1994 lebo ya RetroAfric ya London ilikusanya nyimbo zake za 1947 mpaka 1956, zilizokuwa zimetapakaa kwenye santuri za zamani, ikazitoa kwa CD. Fikiria hiyo, buda. Mzee wa miaka sabini anashika mkononi kazi aliyoifanya akiwa kijana, imesafishwa, na jina lake kubwa mbele.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 2000, Fundi Konde alifariki. Alikuwa ameishi kutoka enzi ya gramafoni ya kuzungusha kwa mkono hadi enzi ya simu za mfukoni.

SASA WEWE UFANYE NINI

Kwanza, zitafute. Nyimbo zake ziko mtandaoni na haziitishi bando kubwa. Vaa visikizi vizuri, usiskize kwa spika ya simu, halafu acha maneno kando uifuate gita peke yake. Utaskia zile kodi za njiani nilizokuambia. Kama wewe hupiga gita, jaribu kuzishika. Zitakuaibisha kidogo.

Pili, kama unarekodi, andika. Nani alitunga, nani alipiga, nani alilipwa ngapi, lini. Kuna sheria sasa, kuna vyama vya kukusanya mirabaha, na kelele zake ni nyingi, lakini zaidi ya yote kuna karatasi yako. Wazee hawakupewa hiyo nafasi. Wewe unayo kwa simu yako.

Tatu, hiyo harusi ya mwezi ujao, bendi ikianza Tausi Ndege Wangu na mashangazi wakianza kutafuta leso, mgeukie msee aliye kando yako umwambie huo wimbo ni wa Fundi Konde wa Kilifi. Akikuuliza ni nani huyo, sasa unajua cha kumjibu.